Wiki moja kabla ya hedhi nakuwa mtu mwingine

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: huzuni, hasira na wasiwasi unaokuja na kuondoka pamoja na mabadiliko ya homoni. Tumechagua nane. Majibu yameandaliwa kwa pamoja na daktari wa magonjwa ya wanawake na mtaalamu wa afya ya akili. Dozi tunazozitaja ni zile zinazotumika kwa kawaida, ili ujue cha kuzungumza na anayekutibu. Si kibali cha kwenda kujinunulia dawa.

SWALI: Nina miaka 31. Siku nane au tisa kabla ya hedhi naanza kuchukia kila kitu. Nalia kwa jambo dogo, nagombana na mume wangu, na mara mbili nimeandika barua ya kuacha kazi nikaichana. Damu ikishatoka siku mbili, natulia na kuona aibu kwa yote niliyosema. Wifi yangu anasema hiyo ni tabia, si ugonjwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hizo siku ulizozihesabu ndizo zinazotuambia mengi. Tabia haifuati kalenda. Mtu mkorofi huwa mkorofi hata tarehe ambayo hedhi iko mbali.

Unachoeleza kinafanana sana na hali ambayo madaktari huiandika kwa kifupi PMDD, ugonjwa wa hisia unaotangulia hedhi. Tangu 2013 umo rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, na umo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Usiuchanganye na ule uchovu, maziwa kuuma na tumbo kujaa ambavyo wanawake wengi huvipata wakikaribia siku zao. PMDD huwapata wachache, kama watano kati ya mia, na inavunja kazi, ndoa na masomo.

Wengi hudhani homoni zao zimezidi au zimepungua. Hapana. Ukipima, kiasi huwa sawa na cha jirani yako asiye na shida yoyote. Tofauti iko kwenye ubongo unaozipokea. Yai likishapevuka, projesteroni hupanda, na sehemu yake mwili huigeuza kuwa kitu kiitwacho alopregnanoloni. Hiki hushika vipokezi vya GABA, ambavyo kazi yake ni kuupoza ubongo. Kwa walio wengi huleta utulivu. Kwa wachache, kupanda na kushuka kwake huleta kinyume: wasiwasi, hasira, machozi. Ndiyo maana hedhi ikianza, homoni zikiwa zimeshashuka na kutulia, na wewe unatulia.

Kabla ya dawa yoyote, tunataka daftari. Chora safu tano: siku ya mzunguko, huzuni, hasira, wasiwasi, usingizi. Siku ya 1 ni ile damu inapotoka sawasawa, si matone ya kuchafua nguo. Kila usiku kabla ya kulala, jipe alama kutoka 1 (hakuna kabisa) hadi 6 (vibaya mno). Pembeni andika neno moja tu la tukio kama lipo: ugomvi, mtihani, homa. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili kamili. Ukurasa wa mwenye PMDD husomeka hivi:

Siku ya 9: 1, 1, 2, 1.
Siku ya 17: 2, 2, 2, 2.
Siku ya 23: 5, 6, 4, 4.
Siku ya 27: 5, 6, 5, 5.
Siku ya 3 ya mzunguko unaofuata: 2, 1, 1, 2.

Daftari huharibiwa na kosa moja hasa: kujaza siku saba kwa mkupuo Jumapili jioni. Kumbukumbu huvutwa na siku mbaya kuliko zote, na wiki nzima hugeuka nyeusi. Ukisahau siku, iache wazi.

Kama katikati ya siku ya 4 na ya 12 alama zako ni 1 na 2, mpangilio ni wa PMDD. Kama mwezi mzima unacheza kwenye 3 na 4, kisha unafika 6 karibu na hedhi, basi kuna sonona (huzuni iliyogeuka ugonjwa) au wasiwasi wa kudumu ambao hedhi inauchochea, na tiba lazima iwe ya mwezi mzima. Watu hukosea hapa, wanatibu siku kumi na kuziacha ishirini.

Sasa tiba. Dawa zinazoongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, mathalani fluoksetini miligramu 20 au setralini miligramu 50 kwa siku, zina sifa ya ajabu kwenye PMDD: hufanya kazi ndani ya siku chache, wakati kwenye sonona husubiriwa wiki mbili hadi sita. Kwa hiyo unaweza kuzimeza kila siku, au kuanzia siku 14 kabla ya hedhi unayoitarajia na kuacha hedhi ikianza. Mzunguko usiotabirika huifanya njia hii ya pili iwe ngumu, na hapo wengine huanza siku ile dalili zinapochomoza. Tarajia kichefuchefu kwa siku tatu nne za kwanza, meza baada ya chakula, na usione haya kumweleza daktari hamu ya tendo la ndoa ikipungua. Lakini kabla ya kuandikiwa, mweleze kama umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ulilala kidogo mno bila kuchoka, ukaongea kwa kasi na kutumia fedha ovyo. Hiyo ni ishara ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, na dawa hizi peke yake zinaweza kuichochea.

Njia nyingine ni kuzuia yai lisipevuke. Vidonge vya majira vyenye drospirenoni, vya siku 24 zenye dawa na 4 zisizo na dawa, vimefanyiwa utafiti kwa PMDD. Havimfai mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa.

Kalsiamu nayo husaidia dalili nyepesi, jumla ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Igawe mara mbili, kwani mwili haufyonzi vizuri zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, na usiimeze pamoja na madini ya chuma. Vitamini B6 inauzwa sana kwa kazi hii. Ushahidi wake ni hafifu, na ukizidisha miligramu 100 kwa siku kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huharibika, unaanza kuhisi ganzi miguuni.

Jambo moja hatuliachi lipite. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru katika siku hizo, hata kama unajua yataisha damu ikitoka, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Nenda kituo cha afya, usisubiri hedhi ikuokoe.

Mwonyeshe wifi yako daftari. Usimwonyeshe jibu letu.

SWALI: Nimeambiwa nipime homoni zote ili ijulikane kwa nini nina huzuni. Gharama ni kubwa. Nipime?

JIBU: Kwa huzuni peke yake, na hedhi yako ikiwa inakuja kwa mpangilio, usipime. Estrojeni ya asubuhi siku ya 5 na ya siku ya 13 ni kama za watu wawili tofauti, kwa hiyo namba moja haisemi lolote.

Vipimo vyenye maana ni vichache na rahisi: TSH kwa ajili ya tezi ya shingo, wingi wa damu, akiba ya chuma, na kipimo cha mimba. Tezi ikizembea hukupa uchovu, huzuni, uzito na kuhisi baridi. Ikichachamaa hukupa wasiwasi, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Yote mawili hutibiwa, na yote mawili hupita yakiitwa mawazo. Homoni zaidi hupimwa pale hedhi inapokuwa imepotea kwa miezi mitatu au zaidi, maziwa yanapotoka bila kunyonyesha, au ndevu na chunusi zinapoota kwa kasi. Hapo kipimo kinatafuta ugonjwa mahususi.

SWALI: Mke wangu alijifungua siku tisa zilizopita. Kwa usiku tatu hajalala, na hasikii hata haja ya kulala. Anasema mtoto amebadilishwa hospitali, kisha baada ya saa moja anacheka. Ndugu wanasema ni uchovu wa uzazi. Naomba ushauri.

JIBU: Barua hii tuliijibu moja kwa moja siku ilipotufikia, kwa sababu haiwezi kungoja toleo lijalo. Tunaichapisha kwa ajili ya kaya nyingine.

Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni, zilizokuwa juu kwa miezi tisa, huporomoka ndani ya siku chache. Zaidi ya nusu ya wazazi hulia ovyo na kuwa wepesi wa kuumia kati ya siku ya 3 na ya 5. Hilo hupita lenyewe kabla ya wiki mbili. Dawa yake ni mtu wa kumpokea mtoto ili mama alale.

Sonona ya uzazi ni jambo la pili. Huwapata kama mmoja kati ya wazazi saba hadi kumi, huweza kuanza tangu ujauzito, na haiishi kwa wiki mbili. Mama analala vibaya hata mtoto akiwa amelala, haoni raha ya chochote, anajiona hafai kuwa mama.

La tatu ndilo hili lako: saikosisi ya uzazi. Ni adimu, mmoja au wawili kati ya wazazi elfu moja, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Tofauti na uchovu inaonekana kwenye usingizi. Mama aliyechoka, ukimchukulia mtoto, analala papo hapo. Huyu halali hata akipewa nafasi, na hajisikii mchovu. Ongeza kuchanganyikiwa, shuku, kusikia sauti, hali inayobadilika ndani ya saa moja, na imani ngeni kuhusu mtoto. Hizo imani ndizo zinazotutisha, kwa sababu mama anaweza kutenda kulingana nazo.

Cha kufanya: mpeleke hospitali leo, kitengo cha dharura, na mtu wa pili awe naye njiani. Asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto. Usibishane naye kuhusu mtoto kubadilishwa, mwambie tu unaona ana hofu na mnakwenda kupata msaada. Waeleze wahudumu tarehe ya kujifungua, usiku ambao hajalala, na kama yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuugua baipola. Mwenye baipola ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya watano kupata saikosisi hii. Watachunguza pia homa na maambukizi ya uzazi, shinikizo la damu na tezi, kwani haya huweza kumvuruga mzazi akili vilevile.

Hutibiwa kwa kulazwa na kupewa dawa, na wengi hupona kabisa. Kwa kuwa inaweza kurudi katika uzazi unaofuata, mpango wa kinga uwekwe kabla ya kujifungua, wakati mama ana akili timamu na anaweza kusema mwenyewe anataka atibiwe vipi.

SWALI: Kliniki walinipa maswali kumi nikapata alama 14. Wameniandikia setralini. Mtoto ana miezi miwili na ananyonya. Nimwachishe?

JIBU: Usimwachishe. Maswali hayo kumi ni kipimo kilichotungwa Edinburgh mwaka 1987. Jumla yake ni 30, na vituo vingi huchukua alama 10 hadi 13 kuwa mpaka wa kuchunguza zaidi. Hayathibitishi ugonjwa, yanaonyesha nani azungumziwe kwa kina. Swali la kumi, la kujidhuru, husomwa peke yake: jibu lolote zaidi ya “hapana kabisa” hufuatiliwa siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa 4.

Setralini ni miongoni mwa dawa za sonona zinazopita kidogo kabisa kwenye maziwa. Anza na dozi uliyopewa, kwa kawaida miligramu 25 au 50. Mwangalie mtoto akilala kupita kiasi, akikataa ziwa au akisumbuka kuliko kawaida yake. Mtoto njiti huangaliwa kwa karibu zaidi. Huna haja ya kukamua na kumwaga maziwa wala kumnyonyesha kwa saa maalumu.

Wengine wameuliza kuhusu dawa mpya ya zuranoloni. Iliruhusiwa Marekani 2023 kwa ajili ya sonona ya uzazi, humezwa jioni kwa siku 14 pamoja na chakula chenye mafuta, na inafuata njia ileile ya GABA tuliyoieleza juu. Huleta usingizi mzito, kiasi kwamba asiyetimiza saa 12 tangu ameze haruhusiwi kuendesha gari. Haijafika sehemu nyingi duniani. Setralini na tiba ya mazungumzo bado ndizo nguzo.

SWALI: Tangu nichome sindano ya uzazi wa mpango, miezi mitano sasa, nimepoteza furaha. Muuguzi anasema sindano haihusiki. Nikiacha, itachukua muda gani kutoka mwilini?

JIBU: Muuguzi na wewe huenda mna ukweli nusu kwa nusu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Denmark uliofuatilia wanawake zaidi ya milioni moja wa miaka 15 hadi 34. Waliotumia njia za homoni walikuwa na ongezeko dogo la kuanza dawa za sonona, na ongezeko hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana waliokuwa bado hawajafika 20. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba njia ndiyo iliyosababisha. Shirika la Afya Duniani halihesabu sonona kuwa sababu ya kumnyima mwanamke njia yoyote ya homoni, na wapo ambao hisia zao hutulia zaidi wakizitumia. Ila kuna wanaoathirika, na hao hawaigizi.

Kwanza tafuta tarehe. Ulichoma lini, na huzuni ilianza lini? Ikiwa ilianza wiki chache baada ya sindano na hakukuwa na jambo jingine, sindano ni mshukiwa halali. Ikiwa uliichoma wiki sita baada ya kujifungua, sonona ya uzazi nayo huanza majira hayohayo, na kuisingizia sindano kutakuchelewesha kutibiwa. Tunaona hili mara kwa mara.

Ubaya wa sindano ya miligramu 150 ni kwamba ikishaingia haitoki. Hukinga kwa wiki 13, na homoni hufifia polepole baada ya hapo. Uwezo wa kushika mimba kwa wengi hurejea kwa kuchelewa, wastani wa miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho. Usijidanganye na wastani huo: zikishapita hizo wiki 13 unaweza kushika mimba wakati wowote. Kwa hiyo usichome inayofuata, na kabla tarehe yake haijafika uwe umechagua nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe. Ukipenda kubaki kwenye homoni, chagua ile inayoweza kusimamishwa siku unayotaka, kama vidonge, au kijiti kinachotolewa.

Endelea na daftari miezi mitatu baada ya kuacha. Huzuni isipopungua, tibu huzuni yenyewe.

SWALI: Nina miaka 47, sijawahi kuugua akili maishani. Mwaka huu naamka saa tisa usiku nimelowa jasho, moyo unadunda, nashindwa kulala tena. Hedhi inaruka miezi. Nimekuwa mwepesi wa hasira na nasahau maneno katikati ya kikao. Nimepewa diazepamu ya kulalia, mwezi wa tatu huu. Je, ndiyo uzee?

JIBU: Ni kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Kwa wastani hedhi hukoma kwenye miaka 51, na inahesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Miaka minne au zaidi kabla ya hapo ovari hazizimiki taratibu kama taa inayoishiwa mafuta. Zinayumba: wiki hii estrojeni iko juu kuliko ulipokuwa na miaka 30, wiki ijayo iko chini kabisa. Ubongo unapata shida na huko kuyumba, na hatari ya sonona hupanda, zaidi kwa aliyewahi kuwa na PMDD au sonona ya uzazi, ingawa hata asiyewahi hupata.

Fuatilia mnyororo wako: joto la ghafla linakuamsha, usingizi unakatika, kutolala kunaleta hasira na usahaulifu, na hasira inaonekana kama ugonjwa wa kwanza. Diazepamu imeshika kiungo cha kati na kuacha cha mwanzo. Isitoshe, dawa za jamii hiyo si za kuvuka wiki mbili hadi nne. Mwili huzizoea, dozi inadai kuongezwa, na kesho yake usahaulifu unazidi. Lakini usiziache leo kwa ghafla! Baada ya miezi mitatu, kuacha kwa mara moja kunaweza kuleta mtetemeko, hata degedege. Daktari akupunguzie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kwa umri wako hakuna haja ya kupima FSH, homoni inayoziamuru ovari, kwani nayo inayumba. Pima TSH, wingi wa damu ikiwa hedhi zinazokuja ni nzito, na shinikizo la damu.

Kuhusu tiba: ukiwa na joto la ghafla pamoja na hali ya hisia kuvurugika, kurudishiwa homoni ni chaguo zuri. Mara nyingi ni estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, mikrogramu 25 hadi 50, bandiko likibadilishwa mara mbili kwa wiki. Ya ngozini hupendelewa kwa kuwa haiongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge. Ukiwa bado na mfuko wa uzazi, estrojeni peke yake ni marufuku, kwa sababu hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko na kufungua njia ya saratani. Huongezwa projesteroni, kwa mfano miligramu 200 kabla ya kulala kwa siku 12 za kila mwezi. Imezwe usiku, maana inalevya usingizi, na hapo inakufaa. Wachache huvurugika hisia katika siku hizo 12 tu. Daftari litaonyesha, na daktari atabadilisha aina au njia ya kuitumia.

Ipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Haizuii mimba, na kwa miaka 47 mimba inawezekana. Haimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, anayetokwa damu isiyojulikana sababu, mwenye damu iliyoganda hivi karibuni au ugonjwa wa ini.

Sonona ikiwa nzito, homoni haitoshi, na dawa za sonona ndizo za kwanza. Venlafaksini na esitalopramu hupunguza pia joto la ghafla. Venlafaksini hupandisha shinikizo la damu kwa baadhi, lipimwe. Aliyetibiwa saratani ya matiti na anameza tamoksifeni aepuke paroksetini na fluoksetini, kwani huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu. Muulize daktari waziwazi kuhusu hilo; kosa hili hutokea pale daktari wa akili na wa saratani wasipowasiliana.

Usahaulifu wa maneno kwa wengi hupungua kipindi hiki kikipita. Si mwanzo wa kurukwa na akili.

SWALI: Nina miaka 24, natumia valproeti kwa ajili ya baipola na imenituliza sana. Nitafunga ndoa mwakani. Hakuna aliyeniambia lolote kuhusu uzazi.

JIBU: Ulipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Kati ya watoto kumi wanaopata valproeti tumboni, takriban mmoja huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo kuwa wazi, na watatu au wanne huchelewa kukua kiakili. Madhara ya uti wa mgongo hutokea wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua ni mjamzito.

Usiache mwenyewe. Ukiacha ghafla, baipola inaweza kurudi kwa kishindo. Panga miadi mwezi huu, si mwezi wa harusi, kwa sababu kubadili dawa huchukua miezi. Kwa sasa tumia njia ya uhakika ya kuzuia mimba. Uliza pia kuhusu asidi ya foliki kabla ya kutafuta mimba, ukijua kwamba haifuti hatari ya valproeti.

Angalia mtego katika dawa utakayohamishiwa. Kabamazepini huharakisha ini kuvunja homoni, hivyo vidonge na kijiti vinaweza kushindwa. Sindano na kitanzi haviathiriki. Lamotrijini ni kinyume chake: vidonge vyenye estrojeni huishusha lamotrijini, hata kwa nusu, na dalili zinaweza kurudi. Wiki ya mapumziko ya vidonge inapanda tena na kuleta kizunguzungu. Anayekupa dawa ya akili na anayekupa uzazi wa mpango wote wawili waone orodha moja ya dawa zako, iliyoandikwa.

SWALI: Natumia risperidoni, dawa ya akili, mwaka sasa. Hedhi imekata miezi mitano. Shangazi anasema damu chafu inajikusanya na itanipanda kichwani. Niache dawa?

JIBU: Damu haijikusanyi popote. Hedhi ni ukuta wa mfuko wa uzazi unaobomoka baada ya kujengwa, na kwako haujajengwa. Risperidoni hupandisha homoni ya prolaktini, ileile inayotoa maziwa kwa anayenyonyesha, nayo huzuia yai kupevuka.

Kwanza pima mimba, kwa sababu hedhi kupotea hakumaanishi mimba haiwezi kuingia. Kisha omba kipimo cha prolaktini, asubuhi, umepumzika kidogo. Mweleze daktari kama matiti yanatoa maziwa, kama kichwa kinauma au macho hayaoni vizuri pembeni. Prolaktini ikiwa juu, anaweza kupunguza dozi, kukuhamishia dawa isiyoipandisha kama aripiprazoli, au kuiongeza hiyo juu ya unayotumia. Lisiachwe hivi mwaka wa pili: estrojeni ikikaa chini muda mrefu, mifupa hudhoofika. Hadi siku ya miadi, endelea kumeza dozi yako kama kawaida, na andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho kwenye kadi.